Neno Lililomezwa na Spika

Jiwe lilivunja kioo cha mbele, likampita Baya sikioni, likamwangukia Mwanasaumu mapajani.

Hapo ndipo tulipowaacha juma lililopita. Uwanja wa mpira wa Changamwe, alasiri, jua bado kali. Gari la kijivu la matangazo limezungukwa na watu, na ndani yake mwanamke wa buibui ameshika maikrofoni iliyokwisha kufa mkononi. Alikuwa ametoka kutangaza amani. Akajibiwa kwa jiwe.

"Shemeji, tia gia!" alipiga kelele.

Baya alikuwa amekwisha kutia. Gari liliruka mbele, watu wakatawanyika, jiwe la pili likagonga mlango, jingine likapita juu ya paa na kuzikosa kidogo tu zile spika mbili kubwa, zenye midomo mipana kama sinia, ambazo Baya alizipenda kuliko gari lenyewe.

"Nimesema nini mimi?" Mwanasaumu alilisukuma jiwe lile kutoka mapajani. "Baya, nimesema nini?"

"Umesema uliyoambiwa."

"Basi mbona wananipiga mawe?"

Baya aliinamia usukani. Alikuwa akitazama barabara kupitia tundu la kioo, vigae vikimdondokea magotini.

Lakini mawe siyo yaliyomtisha Mwanasaumu zaidi. Upande mmoja wa uwanja walirusha mawe, naam. Upande wa pili walishangilia. Aliwaona kwa macho yake, vijana wanarusha kofia juu na kukumbatiana kama waliofunga bao. Tangazo gani la amani hilo, linalowafanya hawa warushe mawe na wale warushe kofia?

Kwa wewe uliyelishika gazeti letu leo kwa mara ya kwanza, sikia haya upesi, maana gari linakwenda.

Uhuru ulikuwa unanukia. Na pamoja nao, mitaani Changamwe, ulikuwa umezuka uvumi mbaya: kwamba bendera ikishabadilika, watu wa bara waliokuja kufanya kazi reli, bandarini na viwandani wataambiwa wafunge virago warudi walikotoka. Watu waliokuwa wakichota maji bomba moja wakaanza kutazamana kwa pembe za macho. Ndipo kamati ya mtaa, wazee wa pwani na wa bara pamoja, ikakaa na kukubaliana sentensi moja itangazwe kila pembe: *Watu wa bara hawatafukuzwa.*

Walichagua gari la Baya kwa sababu lilikuwa na spika kubwa kuliko gari lolote la matangazo upande huu wa daraja. Wakamchagua Mwanasaumu, shemeji yake, kwa sababu sauti yake ilijulikana kutoka Likoni mpaka Mishomoroni. Alikuwa mwimbaji wa harusini. Watu walikuwa wakimjua kwa sauti, si kwa sura.

Sasa sauti hiyo ilikuwa inakimbia.

* * *

Walisimama kwa Kahindi, fundi wa redio, aliyekuwa na banda lake la mabati ng'ambo ya reli. Kahindi ndiye aliyezifunga spika zile. Alitoka na chuma cha kulehemu mkononi, akaona kioo, akasahau hata kusalimu.

"Mmegonga nini?"

"Tumegongwa sisi," alisema Baya. "Ficha gari."

Kabla hawajalisukuma ndani, mke wa Kahindi alitokea mbio, ndoo tupu mkononi, kanga imemvuka kichwani. Alimwona Mwanasaumu akasimama ghafla, kama aliyekutana na nyoka njiani.

"Dada! Wewe ndiye uliyeyasema yale? Wallahi nimesikia nikakana. Nimewaambia wenzangu bombani, si Mwanasaumu huyo."

"Yale yapi?"

"Kwamba watu wa bara watafukuzwa!"

"Hawatafukuzwa!" Mwanasaumu alishuka garini. "Nimesema hawatafukuzwa! Ha-wa-ta!"

"Mimi nimesikia watafukuzwa," alisema yule mama polepole. "Na bomba zima limesikia hivyo hivyo."

Treni ya mizigo ilipita nyuma ya banda, mabati yakalia mpaka behewa la mwisho lilipokwisha.

Kahindi ndiye aliyesogea kwanza. Aliingia garini, akalala chali chini ya usukani, akapapasa nyuma ya redio. Akauondoa mkono haraka.

"Moto," alisema. "Inachoma kama kikaango."

"Nini?"

"Amplifaya." Alijitoa, akakaa kizingitini mwa mlango wa gari, uso umemshuka. "Sikiliza, dada. Hii amplifaya, mashine hii ya kukuza sauti, ilikuja na gari kutoka kiwandani. Kazi yake ni kulisha spika moja ndogo, ile iliyo mbele ya dereva, asikilize habari akienda zake. Basi. Haina nguvu zaidi ya hizo. Sasa imebebeshwa midomo miwili ile ya juu. Ukisema polepole, inajikongoja. Ukipaza sauti, inapaliwa. Sauti nzito inaitema imepasuka. Sauti nyepesi, kama hiyo *ha* yako, inaimeza."

Mwanasaumu alimtazama kana kwamba amemwambia mtu amekufa.

"Silabi moja," alinong'ona.

"Silabi moja."

"Na wewe ulijua?"

"Nilimwambia mwenye gari. Nilimwambia, Baya, ukitaka spika hizi tafuta na amplifaya yake kubwa, na betri ya pili. Akasema nifunge hizi kwanza, mengine yatafuata."

Mwanasaumu aligeuka. Baya alikuwa anaokota vigae vya kioo kitini, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeokota mchele.

"Shemeji."

"Nilidhani itatosha," alisema Baya bila kuinua uso. "Zilikuwa zimependeza pale juu. Watu walikuwa wanageuka kuzitazama."

"Hukuwahi kusikia kasoro?"

Baya aliokota kigae kingine, akakigeuza mkononi.

"Ile harusi ya Mishomoroni," alisema mwishowe. "Nilitangaza jina la bwana harusi, watu wakacheka. Nilikuja kuambiwa baadaye lilitoka nusu. Nikasema ni upepo."

"Upepo!" Mwanasaumu alimnyang'anya vigae vile akavitupa chini. "Bwana harusi wako alichekwa akala pilau yake akalala. Mimi umenitia kinywani neno la kumwaga damu!"

Naye mke wa Kahindi, aliyekuwa bado ameshika ndoo, akalitoa lile alilokuja nalo mbio.

"Dada, yaache hayo. Gona na vijana wake, wale walioshangilia uwanjani, wameelekea kwa Elkana wakamfukuze."

Mwanasaumu alirudi garini mbio.

* * *

Elkana alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu mrefu mkimya aliyetoka huko magharibi ya nchi. Mkewe Agneta alikuwa jirani ya Mwanasaumu, ukuta kwa ukuta. Mwanasaumu alipojifungua binti yake, mvua ya masika imefunga njia na mkunga hakuweza kufika, Agneta ndiye aliyempokea mtoto yule kwa mikono yake. Binti alipoanza kusema, wote wawili aliwaita mama.

"Washa gari," alisema Mwanasaumu.

"Una wazimu?" Baya alirudi nyuma. "Watatuua!"

"Washa gari, au nitakwenda kwa miguu na nitaimba njia nzima kwamba Baya alijua."

Kahindi alikuwa amekwisha kupanda paani. Alikata waya wa spika moja, akaiacha ya pili.

"Mzigo nimeupunguza," alisema akishuka. "Sauti haitakwenda mbali, lakini itatoka nzima zaidi. Usipige kelele, dada. Iachie nafasi. Na mimi nakuja nanyi."

"Nitatafuta na maneno yasiyo na *ha*," alisema Mwanasaumu. Sauti yake ilikuwa imetulia ghafla, na utulivu ule ulimtia Baya hofu kuliko makelele.

Walikuta njia imejaa. Mbele ya nyumba ya Elkana kitanda kilikuwa nje, na cherehani, na sufuria zimefungwa ndani ya shuka. Elkana alisimama mlangoni ameshika sululu. Agneta alikuwa amepiga magoti akifunga godoro kwa kamba, anakaza fundo, analifungua, analikaza tena, kama ambaye mikono haimsikii.

Na mbele yao alisimama Gona.

Msimfikirie Gona kuwa jambazi, wasomaji wangu. Alikuwa kibarua wa bandarini aliyepoteza kazi, akamwona mtu wa bara ameichukua, na tangu siku hiyo hakulala na moyo mweupe. Lakini nyumba ya mtu hakuwahi kuigusa. Alikuwa amengoja ruhusa. Leo alidhani ameipata.

Alipoliona gari alitabasamu, akainua mkono kwa heshima.

"Karibu, dada! Usiwe na wasiwasi. Tunatimiza ulilotangaza. Kwa uzuri, bila kumpiga mtu. Tumewaambia wapakie vyao waende."

Mwanasaumu alishika maikrofoni, akaiweka mbali kidogo na mdomo, akasema taratibu kama anayembembeleza mtoto alale:

"Watu wa bara wabaki. Wabaki majumbani mwao. Ndivyo ilivyosema kamati. Wabaki, ni wenzetu."

Spika ile moja ilitoa sauti nyembamba, lakini nzima. Maneno yalifika. Watu waligeukiana. Mzee mmoja alishusha fimbo. Kwa kitambo kidogo Mwanasaumu alidhani yamekwisha.

"La!" alisema Gona. Tabasamu lilikuwa limekwenda. "Saa ile ulisema jingine. Uwanja mzima umekusikia. Sasa nani amekutia hofu ugeuze maneno?"

"Spika imeharibika, ndugu yangu! Imelimeza neno!"

"Spika imemeza neno!" alirudia Gona, na vijana wakacheka. "Haina koo, itamezaje? Sema umehongwa."

Ndipo Agneta alipoinuka. Hakumtazama Gona. Alimtazama Mwanasaumu.

"Mimi pia nilikusikia," alisema. "Nilikuwa nimembeba binti yako mgongoni. Nikamwambia, msikilize mama anavyoongea vizuri. Halafu nikasikia unanifukuza."

"Agneta, naapa kwa Mungu..."

"Usiape. Sauti ni yako. Naijua hata usingizini. Mtu mwingine angesema, ningecheka. Lakini ni wewe."

Mwanasaumu aliwatazama watu mmoja mmoja. Wote waliokuwa pale walikuwa wamesikia kwa masikio yao. Utamwambiaje mtu kwamba sikio lake lilidanganywa? Hana budi asikie tena.

Alimgeukia Kahindi.

"Rudisha spika ya pili."

"Nini?"

"Iunge. Iwe vile vile kama uwanjani."

Kahindi alisogea karibu, akashusha sauti. "Dada, ukilisema tena litatoka vile vile. Mtaa mzima utalisikia mara ya pili."

"Najua."

"Wataichoma nyumba."

"Wasipoelewa leo wataichoma kesho. Unga."

Elkana alisema kutoka mlangoni: "Mama, unataka kutuua mara mbili?"

Mwanasaumu alimwendea Gona moja kwa moja, akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwona akilifanya njiani maishani mwake. Alifunua uso. Minong'ono ilipita katika umati. Ile sauti ya harusini, kumbe sura yake ndiyo hii: mwanamke wa makamo, macho mekundu, kidonda kibichi cha kigae shavuni.

"Wewe huniamini," alimwambia Gona. "Vizuri. Njoo ukae kiti cha mbele, ugeuke, unitazame mdomo. Usisikilize spika. Tazama mdomo wangu. Na wewe, Agneta, simama hapo nje usikilize. Kisha kila mmoja aseme alichosikia. Nikiwa mwongo, nifanyeni mtakavyo."

Gona alisitasita. Lakini vijana wake walikuwa wanamtazama, naye hakutaka waone anaogopa kukaa garini na mwanamke. Akaingia.

Kahindi aliunga waya. Baya, jasho linamtiririka, alifungua sauti mpaka mwisho. Spika zikakoroma.

Mwanasaumu alimtazama Gona machoni. Akavuta pumzi, akaliita neno lile kwa nguvu zote alizoitia uwanjani:

"Watu wa bara hawatafukuzwa!"

Na juu ya paa, kwa kishindo kilichowaondoa kunguru mitini:

"WATU WA BARA — *krrr* — WATAFUKUZWA!"

Mtu mmoja nyuma alishangilia. Peke yake. Wengine walikuwa wanamtazama Gona.

Gona alishuka garini taratibu. Alikuwa amebadilika rangi.

"Amesema nini?" aliuliza kijana wake mmoja.

"Amesema *hawatafukuzwa*."

"Gona! Sisi tumesikia..."

"Najua mlilosikia! Hata mimi nimelisikia huko juu. Lakini mdomo nimeuona." Alijigusa midomo yake mwenyewe kwa kidole. "Hawata. Amesema hawata. Wallahi tumekuja kumtoa mtu nyumbani kwake kwa..." Hakumaliza. Alilitazama godoro lililofungwa, akainama kana kwamba anataka kulifungua, akaona aibu, akainuka tena.

Mzee mwenye fimbo alianza kumwomba Mungu msamaha kwa sauti. Mwanamke mmoja alicheka, kisha kicheko kikamgeukia kilio. Agneta alikuwa bado amesimama pale pale alipowekwa, kamba mkononi.

Mwanasaumu alishuka akamwendea, mikono imenyooka mbele.

Hakumfikia.

Land Rover ya polisi ilikunja kona kwa kasi, ikafunga breki, vumbi likawafunika wote. Sajini aliruka chini na askari nyuma yake.

Wasomaji wangu, fikirini wenyewe. Walikuwa wametumwa kutuliza fujo zilizoanzia uwanjani. Walikuwa wamesimama njia panda wakitafuta chanzo chake. Na wakiwa pale njia panda, madirisha wazi, injini imezimwa, walikuwa wamesikia nini?

"Nani amesema maneno yale?" alinguruma Sajini.

Baya aliangalia matairi ya gari lake.

"Afande," alianza Kahindi akiinua waya, "hii amplifaya ni ndogo, spika nazo..."

"Utamweleza hakimu. Nimeuliza nani amesema."

"Ni mimi," alisema Mwanasaumu.

"Wewe mama? Unachochea watu wafukuzane?"

"Sikusema hivyo, afande. Ninaye shahidi. Huyu bwana alikuwa ndani ya gari akinitazama mdomo. Muulize. Gona, mwambie!"

Aligeuka. Watu wote waligeuka.

Mahali aliposimama Gona palikuwa patupu. Ua wa makuti nyuma yake ulikuwa ungali unatikisika. Jina lake lilikuwa likitafutwa kituoni tangu fujo za vibarua waliopoteza kazi bandarini, na alipoona kofia za askari miguu yake haikumwuliza la kufanya.

"Shahidi wako amepaa," alisema Sajini. "Panda gari."

"Afande, waulize hawa! Wamemsikia akisema!"

Sajini aliwatazama hawa. Vijana waliokuwa wakicheka sasa walitazama chini. Yule mzee alikuwa bado anasali. Kusema kwamba Gona alikuwa hapa ni kusema kwamba nao walikuwa naye, na walikuja kufanya nini. Mmoja mmoja wakaanza kurudi nyuma.

Sajini akamwona Elkana na sululu yake, na vyombo vilivyotupwa nje.

"Ninyi ndio mliofukuzwa?"

Elkana alitikisa kichwa, ikawa si ndiyo wala si siyo.

"Basi nataka mmoja wenu aje kituoni aandikishe. Aseme alichomsikia huyu mama akitangaza. Kwa masikio yake, si kwa kuambiwa. Nani?"

Elkana aliweka sululu chini. Lakini kabla hajapiga hatua, Agneta aliiachia ile kamba. Alijikung'uta vumbi la magotini, akapita mbele ya mumewe, akapanda nyuma ya Land Rover bila kushikwa mkono na mtu.

"Agneta!" Elkana alimwita. "Na watoto?"

"Watoto wako na baba yao. Na binti wa Mwanasaumu amelala ndani, ukimsikia analia mpe maziwa."

Mwanasaumu alipandishwa nyuma yake, mlango ukafungwa. Gari likaondoka. Mwanasaumu alirudisha buibui usoni. Walikaa benchi moja, askari katikati yao, magoti yakigongana kila shimo.

Nyumba zilianza kupita. Agneta alikuwa anatazama nje tu.

"Agneta," alisema Mwanasaumu mwishowe, na ile sauti iliyojaza harusi za pwani nzima ilikuwa haisikiki zaidi ya injini. "Utawaambia nini?"

Agneta hakugeuza uso.

"Nitawaambia nilichosikia," alisema.